Huna Kitu

Semina ilianza saa nane mchana na zamu ilikuwa yangu. Nilikuwa nawasilisha kuhusu Kichwamaji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1974, na nilikuwa nimefika kwenye hoja ya udhanaishi. Kwanza vidole vikaingia ganzi. Kisha moyo ukaanza kwenda mbio kama wa mtu aliyepanda ngazi za ghorofa nne, ilhali nilikuwa nimesimama tu, kalamu mkononi. Kifua kikabana. Niliona midomo ya wenzangu ikitembea lakini sauti zao zilitoka mbali. Nikajua kwamba nakufa. Sikudhani. Nilijua, kama mtu anavyojua jina lake. Nikasema samahani, nikatoka, nikakaa sakafuni kwenye korido mpaka mlinzi akaja kuniinua.

Zahanati walinipima damu, sukari, malaria na presha. Walinibandika nyaya kifuani kupima moyo. Daktari alikuwa mpole, na nje alikuwa na foleni ndefu. Alitazama karatasi, akatabasamu.

"Huna kitu, dada. Nenda kapumzike."

Nilipaswa kufurahi. Nilipofika chumbani nililia, kwa sababu kama sina kitu, basi kile kilichonitoa darasani ni nini? Wiki hiyo kilirudi mara mbili, mara ya pili ndani ya daladala. Nikaacha kupanda daladala. Nikaacha kwenda maktaba, kwa kuwa mlango uko mbali na meza. Nikaacha semina.

Makala haya yanahusu maneno hayo mawili, huna kitu. Yanahusu pia ripoti fupi ya kitabibu kutoka mkoa wangu wa Kagera, ambayo kwa maoni yangu imeyaandika maneno hayo hayo kwa kirefu. Nimeisoma kama ninavyofundishwa kusoma riwaya: nani anasema, nani ananyamazishwa, na jina la kitu linafanya kazi gani.

Mwezi wa sita nilirudi nyumbani Kaisho. Niliaga kwamba nakwenda kukusanya data. Njia nzima kwenye basi nilishika karatasi ya Panadol kana kwamba ni hirizi. Nyumbani ulikuwa msimu wa kahawa, imeanikwa uani kwenye majamvi, na kila aliyepita aliniuliza kwa nini nimekonda. Majibu yalikuwa mengi kuliko maswali. Mama alisema ni presha, akapunguza chumvi kwenye mboga. Jirani alisema ni mambo ya majini, niombewe. Mwenzangu wa chumba alikuwa ameshasema ni stresi za tasnifu, nilale. Hata neno la mtaani, kupaniki, halikunisaidia. Ukimwambia mtu wa rika letu kwamba umepaniki, anaelewa kwamba umekasirika, akakuambia upunguze munkari. Kila jina lilikuja na dawa yake, na hakuna dawa iliyogusa kitu chenyewe.

Siku moja mwenzangu wa semina alinitumia kiungo kwenye simu. Aliandika: "Cheki, watu wa kwenu waliwahi kuumwa kicheko." Chini yake aliweka vikatuni vitatu vya kucheka.

Wengi mmeshakutana na kisa hiki, maana kinazunguka duniani kama kituko. Ripoti ambayo visa hivyo vinaitegemea iliandikwa na madaktari wawili, A. M. Rankin na P. J. Philip, ikachapishwa mwaka 1963 katika jarida la Central African Journal of Medicine. Ina kurasa chache tu. Inaeleza kwamba tarehe 30 Januari 1962, siku 52 baada ya uhuru wa Tanganyika, wanafunzi watatu wa shule ya bweni ya wasichana iliyoendeshwa na misheni pale Kashasha, sehemu ambayo leo iko Wilaya ya Muleba, walianza kucheka wakashindwa kuacha. Shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Walimu hawakupatwa. Wasichana wakarudishwa makwao, na kijijini Nshamba, walikotoka baadhi yao, watu 217 wakapatwa ndani ya Aprili na Mei. Shule ikafunguliwa tarehe 21 Mei. Wakapatwa wengine 57, ikafungwa tena mwishoni mwa Juni. Kwa mtu mmoja hali hiyo iliweza kuchukua saa chache au ikafika siku 16. Hakuna aliyekufa.

Nilianza kuisoma nikitabasamu kama nilivyotakiwa. Tabasamu likaisha nilipofika kwenye dalili. Kicheko kipo, lakini kipo pamoja na kilio. Kuna kutotulia. Kuna kupigana na yeyote anayejaribu kukushika. Kisha waandishi wanataja, kwa kupita, kwamba mgonjwa anaweza kusema kuna vitu vinazunguka kichwani mwake, na kwamba anaogopa kuna mtu anamkimbiza.

Anaogopa kuna mtu anamkimbiza. Nikaweka simu chini.

Hapa ndipo ukosoaji wangu unapoanzia. Ripoti yenyewe inajiita ya mlipuko wa kicheko. Watu wa eneo lile, kwa mujibu wa waandishi, waliuita Enwara Yokusheka, yaani ugonjwa wa kucheka, au Akajanja, wazimu. Hofu haimo katika jina lolote. Ukishaita jambo kicheko, kila anayelisimulia baada yako atachukua kicheko na kuacha vingine, kwa kuwa jina limeshamwambia kilicho muhimu. Mwaka 2007 mwanaisimu Christian Hempelmann alikirudia kisa hiki akaonyesha kwamba kicheko kilikuwa dalili moja kati ya nyingi na hakikutokana na jambo lolote la kuchekesha. Lakini jina lilikuwa limeshatangulia, ndiyo maana mwenzangu alinitumia vikatuni.

Madaktari wale nawapa haki yao. Walifika kwa wagonjwa. Walichukua damu, walichukua hata maji ya uti wa mgongo, walitafuta sumu kwenye chakula, walitafuta maambukizi. Hawakusema mahali popote kwamba wasichana wanaigiza. Walikuta mboni za macho zimepanuka mara nyingi kuliko kawaida na misuli inaruka haraka inapogongwa, na kwa msomaji wa leo hizo ni alama za mwili ulio katika tahadhari kubwa. Vipimo vingine vyote vilikuwa safi. Wakahitimisha kwamba ni histeria ya umati katika jamii iliyo rahisi kuathirika.

Kwa lugha ya daktari wangu: huna kitu, dada.

Sentensi iliyonichoma zaidi ni nyingine. Waandishi wanabainisha kwamba hakuna mtu aliyejua kusoma na mwenye ustaarabu wa kiasi aliyepatwa. Nimeirudia mara nyingi, na kila mara nauliza swali lile lile: wale 95 walikuwa wapi kama si darasani? Mlipuko ulianzia kwenye madawati, miongoni mwa wasichana waliotolewa vijijini kwenda kusoma, katika nchi ambayo haikuwa imetimiza hata miezi miwili tangu ijitawale. Ripoti inawahesabu kama wanafunzi kwenye jedwali, kisha inawaondoa miongoni mwa wasomi kwenye maelezo. Hofu inakuwa mali ya watu wa chini. Na mimi niliyesoma mpaka uzamili, niliyekaa sakafuni kwenye korido, niliichukua sentensi ile kama tusi lililoandikwa miaka zaidi ya 30 kabla sijazaliwa.

Sisemi kwamba wasichana wa Kashasha walikuwa na kitu kile kile nilicho nacho. Shambulio langu hupanda, hufika kileleni ndani ya dakika kumi hivi, hushuka. Yao yalichukua siku. Mimi hupatwa peke yangu, wao walipatwa pamoja. Wala siwezi kuwalaumu madaktari wa 1963 kwa kutokuwa na msamiati ambao haukuwepo, maana mashambulio ya hofu yaliingia kama ugonjwa unaojitegemea katika mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani katika toleo la tatu, mwaka 1980. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho. Hofu ilitajwa, na haikufuatiliwa.

Nina sababu ya kulaumu kwa sauti ya chini. Nilipokuwa kidato cha pili, shule ya bweni ambayo sitaitaja, wasichana wa bweni la jirani walianza kuanguka usiku. Mmoja alipiga kelele, wakafuata wanne, kesho yake kumi na wawili. Watu walisema ni mapepo. Mimi nilikuwa mjanja, mwana sayansi, nikasema wanaigiza ili warudishwe nyumbani. Nilimwigiza mmoja wao bwenini, namna alivyokuwa akitupa mikono, na chumba kizima kilicheka. Alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema neno, alichukua ndoo yake akaenda bombani.

Nimemkumbuka sana mwaka huu. Sijui kama alikuwa na pepo, hofu, njaa au vyote. Sikumuuliza.

Bibi yangu ndiye aliyenionyesha kosa hilo. Yeye amefika darasa la nne, kwa hiyo kwa kipimo cha ripoti sijui angewekwa upande gani. Jioni moja tulikuwa jikoni, moshi umejaa, shambulio likaja. Nilisimama nikimbie nje. Bibi hakushtuka. Alivuta kigoda kwa mguu, akanisogezea kichana cha ndizi na kisu.

"Kaa. Menya."

"Bibi, siwezi kupumua."

"Unapumua, mjukuu wangu. Usingepumua usingeniambia. Menya."

Nilimenya. Utomvu ulinata vidoleni, kisu kiliteleza, ganda la kwanza lilitoka na nusu ya ndizi. Naye aliendelea kumenya zake, haraka, bila kunitazama sana. Kufika ndizi ya saba au ya nane, moyo ulikuwa umeshuka. Hakuuliza ni ugonjwa gani. Baadaye, chakula kikiwa jikoni, nilimsimulia ripoti kwa maneno mepesi: shule, kicheko, damu kupimwa, namba. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na wale mabinti walisemaje?"

Nilifungua simu nikatafuta tena. Kurasa zote zile, na sauti yao ipo mahali pamoja tu: vitu vinazunguka kichwani, mtu ananikimbiza. Hata hapo si sauti ya binti mmoja mwenye umri wake na kitanda chake. Ni sauti ya mgonjwa kwa jumla. Mtafiti anayepita miaka mitano ya chuo akijifunza kuuliza nani anasema, alihitaji mpishi wa ndizi amkumbushe swali.

Nilipomaliza na ripoti nilirudi kwa Kezilahabi. Nilikuwa nimeificha riwaya chini ya begi kama mtu anayemkwepa shahidi. Kichwamaji ni kinyume cha ripoti kwa kila namna. Kezilahabi alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, kwenye ziwa lile lile linalopiga fukwe za Bukoba na Muleba, na mhusika wake mkuu, Kazimoto, ni mwanafunzi wa chuo kikuu anayesimulia kwa nafsi ya kwanza. Hapa hakuna namba. Kuna "mimi" kuanzia mwanzo, kijana anayerudi nyumbani akajikuta hawezi kukaa kijijini wala kwenye usomi wake, anayefikiri mpaka kufikiri kunamla. Wahakiki tumeizoea kuiita riwaya ya udhanaishi, na sibishi. Lakini kwenye slaidi zangu za semina nilikuwa nimeandika kuhusu utupu wa maisha, uhuru na uchaguzi, na sikuwa nimeandika popote kuhusu mwili wa Kazimoto. Tulimfanya hoja. Kijana anaangamia mbele yetu nasi tunajadili ni Sartre au Camus.

Na bado Kezilahabi naye aliniacha njiani. Kazimoto anamalizia kwa kujiua. Kama kazi ya sanaa, mwisho ule una mantiki yake: riwaya imefunga milango mmoja mmoja, na wa mwisho ukifungwa hatushangai. Lakini mtu anayesoma akiwa ndani ya hofu hasomi mantiki. Anasoma unabii. Ripoti ilinipa watu waliopona bila sauti. Riwaya ilinipa sauti isiyopona. Nilichokosa, na ninachoendelea kukitafuta katika maandishi yetu, ni sauti inayosimulia kutoka ndani kisha ikaamka kesho yake, ikanawa uso, ikaenda kununua sukari. Natamani tuiandike, hata kama haina ukuu wa msiba.

Kilichonisaidia mwishowe kilikuwa na sura ya uhakiki. Mshauri nasaha niliyempata kwa simu, mpole kama daktari wa kwanza lakini mwenye muda zaidi, alinieleza wazo la David Clark, mwanasaikolojia wa Oxford, ambalo lilichapishwa mwaka 1986. Kwa ufupi, shambulio la hofu ni kosa la tafsiri. Mwili unatoa ishara ya kawaida: moyo umeongeza kasi kwa sababu ya kahawa, joto au kusimama ghafla. Msomaji aliye ndani yako anaisoma ishara ile kama habari ya kifo. Hofu ya kufa inaongeza kasi ya moyo, na kasi inakuwa ushahidi kwamba tafsiri ilikuwa sahihi. Unapumua haraka, hewa chafu inatoka mwilini kupita kiasi, vidole vinaingia ganzi, kichwa kinazunguka, nawe unahesabu hayo pia kuwa ushahidi. Vitu vinazunguka kichwani. Mtu anakukimbiza, na mtu huyo ni tafsiri yako.

Kwa mara ya kwanza nilielewa kwa nini "huna kitu" haikunituliza. Yalikuwa majibu ya vipimo. Mimi nilihitaji maana. Angeniambia: moyo wako ni mzima, ulichopata kinaitwa shambulio la hofu, kinatisha sana, hakiui, kitapanda na kitashuka, na ukikikimbia kitakufuata, dakika moja ingetosha, hata kwa foleni ile. Sisemi vipimo si muhimu. Mwenye maumivu ya kifua akapimwe kwanza, kama nilivyopimwa. Nasema vipimo vikishatoka safi, kazi ndiyo inaanza.

Kazi yangu ilifanyika barabarani. Mshauri alinitaka niorodheshe safari kuanzia isiyotisha sana mpaka inayotisha kabisa, nizifanye moja moja bila kushuka katikati. Niliandika kwa majina ya vituo. Kwanza Murongo, jirani, kuutazama mto Kagera na Uganda ng'ambo. Kisha Omurushaka. Kisha Kayanga. Kisha Bukoba. Panadol ibaki nyumbani. Shambulio likija, nisifungue dirisha kwa pupa, nisimpigie mama simu. Nitoe pumzi polepole kuliko ninavyoivuta, na nijiambie kile ninachokisoma: huu ni moyo wangu unaokwenda mbio, haya ni matuta ya barabara.

Safari ya Murongo ilipita vizuri. Ya Omurushaka nilishindwa, nikashuka njiani, nikarudi kwa bodaboda nikiwa na aibu. Bibi aliuliza kama nimeleta samaki. Kesho yake nilipanda tena nikafika. Kayanga nilienda mara tatu. Bukoba shambulio lilinikamata Kyaka, darajani, nikakaa nalo nimekodolea macho kitambaa cha kiti cha mbele mpaka likachoka. Likaniacha nimelowa jasho, karibu na mama aliyebeba kuku, ambaye hakuwa amegundua chochote.

Bado yanakuja. Mwezi huu mara moja. Siyaiti adui wala rafiki, wala sioni kwamba yamenifundisha kitu ambacho nisingeweza kujifunza kwa njia nyingine. Ila ripoti ya Kashasha sasa naisoma tofauti. Nikifika kwenye ile 95 nasimama kidogo, kwa sababu najua angalau mmoja kati ya watu wa namna hiyo: anasimama mlangoni mwa bweni, ndoo mkononi.

Mwezi wa kumi niliomba kurudia wasilisho langu. Safari hii slaidi ya tatu ilihusu mwili wa Kazimoto. Nilipoifikia vidole vikaanza kuingia ganzi, kwa mazoea. Niliwaambia wenzangu: "Nipeni dakika moja, moyo wangu unakwenda mbio. Utatulia." Hakuna aliyecheka. Mmoja aliinuka akafungua dirisha, ingawa sikuomba. Nilitoa pumzi, nikashika ukingo wa meza, nikasubiri, nikaendelea na hoja ya nne.